Risasi Kwenye Sufuria

4 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Huku hatujambo, tunasogea. Shemeji yako yuko barabarani na lori lake, amepeleka saruji, na kama kawaida amesema atarudi wiki hii. Wiki ipi, hakusema. Mimi ningali palepale kwenye ufuaji wa hospitali, nafua mashuka ya watu nisiowajua. Mvuke wa mashine umenilainisha ngozi kama bibi harusi, na hiyo ndiyo faida pekee niliyoiona mpaka sasa. Mpwa wako Kasuku ndiye usiseme. Jina ulilompa limemkaa. Anaanza kuongea kabla hajafumbua macho, na hata akilala midomo bado inacheza. Juzi kamuuliza jirani yetu mwenye kipara kama nywele zake zimesafiri na Baba.

Sasa neno lenyewe. Sufuria ulizonitumia zimefika! Utingo alizishusha mlangoni zimeviringishwa magunia, nikadhani ni vipuri vya lori. Nilipofungua nikakaa chini. Kaka, ni sufuria ya Mama. Mdomo uleule uliopinda kwa nje, mikono ileile midogo ambayo alikuwa anaishika kwa ncha ya kanga akilaani moto. Umewezaje? Nikapika uji palepale, nikaukamulia ndimu kama alivyokuwa anafanya, nikauacha humohumo mpaka ukapoa. Kasuku akala akaomba tena. Mimi nilikunywa wangu nimesimama, maana nilijua nikikaa nitalia.

Tangu hapo sipikii kitu kingine. Zile kuukuu nimempa jirani.

Mtoto anakujua kwa picha tu, ile uliyovaa suruali ya kuazima. Kila mgeni mwanamume akibisha anauliza, "Huyu ndiye Mjomba?" Nimechoka kusema siye. Utakuja lini? Simu najua haikufai, masikio uliyauza kwa nyundo zamani. Basi andika.

Mdogo wako


27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Namshukuru Mungu mko salama, na mwambie shemeji aendeshe kwa macho yote mawili. Barua yako niliisoma kwa sauti hapa uwanjani kwa mafundi mpaka Cheche akanijia kuniambia nipunguze, wenye masikio wamekwisha sikia. Cheche ni yule mama anayechomelea mageti kibanda cha pili kutoka changu. Jina kalipata kwa kazi yake: hana gauni lisilo na matundu ya moto. Najua unachotaka kuuliza. Jibu ni hapana. Ni jirani.

Umeniuliza nimewezaje. Niliichukua sufuria ya Mama yenyewe, nikaifukia kwenye mchanga mweusi, nikashindilia mchanga pande zote, kisha nikaitoa polepole kama mtu anayejitoa kitandani asimwamshe mtoto. Ikabaki nafasi yenye sura yake. Humo ndimo ninamomimina. Sasa mji mzima unapikia sufuria ya Mama na wao hawajui. Nikipita uchochoroni jioni nikasikia kijiko kinagonga, maana mlio wa chuma bado unanifikia, najisemea, huyo ni wetu.

Tatizo ni alumini. Siku hizi chuma chakavu kina wagombea wengi kuliko urithi. Napata vifuniko vya injini, rejeta, fremu za madirisha. Vikikosekana, kuna mtu ananiletea betri za magari, nazipasua, nayeyusha yale mabamba mazito ya ndani. Chungu cha kuyeyushia ni kilekile, moto ni uleule. Mtu mzima hachagui kazi. Moshi wake ni mtamu mtamu kooni, hauwashi kama moshi wa kuni, kwa hiyo hata sio mbaya.

Mkono wa kulia unakufa ganzi kidogo, lakini mkono usiouma ni wa mvivu. Mvua zikiisha nitakuja. Mwambie Kasuku aniwekee maswali.

Kaka yako


2 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Mvua huku zimeanza, bati linapiga kelele hata ungekuwa hapa tusingesikilizana, sote tungekuwa kama wewe. Shemeji yako alikuja akakaa siku chache akaondoka. Kaniachia nguo za kufua kama vile kazini sifui za kutosha.

Kasuku tumbo linamsumbua. Linamkata, anajikunja, kisha linaachia. Nimempa dawa ya minyoo. Chakula anakisukuma. Maneno pia yamepungua, nadhani ni maumivu. Mtu mwenye tumbo hana porojo. Jana nilimwambia niimbie, akaniangalia kama nimemwomba anibebe.

Mimi mwenyewe nachoka haraka. Nikinyanyua bunda la mashuka naona giza. Ni umri, watasema.

Nampikia uji kila asubuhi ili apate nguvu. Nauacha kwenye sufuria aukute muda wowote. Mvua hazikawii kuisha, Kaka. Nahesabu mawingu.

Mdogo wako


20 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Usishangae mwandiko umekuwa mzuri ghafla. Niliungua kidole, kitu kidogo, basi namtajia Cheche yeye anaandika. (Mimi ndiye Cheche. Nakusalimu, wifi. Sijui kama wewe ni wifi yangu lakini nimeona niandike.) Amecheka peke yake sasa hivi, sijui kaandika nini.

Pole kwa tumbo la mtoto. Watoto ndivyo walivyo, wewe ulilia tumbo mwaka mzima na leo unanyanyua mabunda. Mpe uji wa ndimu, ule wa Mama, utamsafisha.

Mimi niko imara kama reli. (Si kweli.) Kazi nyingi. Ile safari ya baada ya mvua naomba uisogeze mbele kidogo. Kuna oda ya sufuria za jiko la shule, kubwa kubwa, siwezi kuiacha. Nikikuja nataka nije kwa nafasi, si kuja leo kuondoka kesho kama mgeni wa msibani.

Umenikumbusha habari ya bati na mvua. Unakumbuka tulivyokuwa tunalala miguu kichwani, wewe huku mimi kule, na Mama katikati akitugombeza kwa vidole vya miguu? Juzi nilijikuta nimesogea ukingoni mwa kitanda, nimeacha nafasi.

Kaka yako


11 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Hatujambo. Kasuku hajambo. Sufuria zako nazo hazijambo.

Nina swali. Ulisema unapasua betri. Unazipasulia wapi? Unakula hapohapo? Unanawa? Na kile chungu, baada ya betri ukiyeyushia alumini ya sufuria, unakiosha au unamimina tu juu kwa juu? Nijibu vizuri, usinifanyie utani.

Na kidole bado hakijapona? Kidole gani hicho kinachoungua mwezi mzima?

Mwambie Cheche namsalimu, na kwamba neno wifi nimelisoma.

Mdogo wako


6 Julai

Mdogo wangu,

Salamu. Barua yako fupi kama ya karani wa serikali. Umeninunia? Nimejiuliza nilikukosea wapi, nimekosa jibu.

Betri nazipasulia kibandani, wapi tena. Nakula hapo, nanawa nikikumbuka. Chungu hakioshwi, kinaungua, moto ndio sabuni ya chuma. Unataka kufungua karakana? Njoo basi, nitakuwa kibarua wako.

Hunisimulii kitu siku hizi. Kasuku kasema nini? Kauliza nini? Barua mbili sasa hakuna neno lake hata moja. Mimi huku naishi kwa maneno ya mtoto yule. Wenzangu kibandani huniuliza, "Kasuku kasemaje wiki hii?" Sina la kuwaambia, natunga mwenyewe.

Kaka yako

Wifi, kaka yako kaniachia nifunge bahasha, kwa hiyo naongeza haya asiyoyajua. Hakuna kidole kilichoungua. Mkono wake wa kulia umelegea kwenye kifundo cha kiganja, ukimwambia aunyanyue unaning'inia kama shuka kwenye kamba. Tumbo linamkata mpaka anakaa chini katikati ya kazi. Amepauka. Wiki iliyopita alinisahau jina, mimi, ninayempelekea chai kila siku. Nikimwambia hospitali anasema utajua ukaja ukaacha kazi. Amenikataza nisikwambie. Basi sikukwambia. Nimeandika tu. Cheche.


1 Agosti

Kaka yangu,

Shikamoo, na leo kaa kwanza. Cheche, msomee polepole, na usimwache aende popote kabla hujamaliza.

Nilikudanganya. Nilisema Kasuku hajambo na hakuwa hajambo. Wewe nawe ulinidanganya, kwa hiyo tusilaumiane, tumetoka tumbo moja.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa tano Kasuku aliacha kuongea. Si ghafla. Kwanza maswali yaliisha, halafu nyimbo, halafu akawa ananyoosha kidole badala ya kusema. Akitaka maji ananivuta gauni. Nilikuwa naenda naye kazini kwa sababu jirani alisema amekuwa mkali, anang'ata wenzake. Namkalisha juu ya mabunda ya mashuka safi, anakaa humo siku nzima ameangalia mashine inavyozunguka.

Siku moja dada wa maabara alikuja kuchukua makoti yao meupe. Akamtazama mtoto, akaniuliza, "Huyu anakula nini mdomoni?" Nikageuka. Alikuwa anabandua rangi ya ukuta kwa kucha anailamba. Nikampiga kofi la mkono. Yule dada akasema, "Usimpige. Ameanza lini?" Nikasema sijui. Akasema, "Na kuongea?" Hapo nikaficha uso kwenye shuka la watu.

Wakampima damu. Baada ya siku kadhaa daktari akaniita, kijana mpole anayesema huku anaangalia viatu vyake. Akaniambia, "Mama, mwanao ana risasi mwilini." Kaka, niliruka. Nikamwambia, "Nani kampiga? Lini? Hana hata mchubuko!" Nikaanza kumvua mtoto gauni palepale nitafute tundu. Daktari naye akashtuka. Kumbe risasi anayosema ni ile madini, ile nzito laini ya kijivu iliyo kwenye betri. Inaingia kwa kula na kwa kuvuta moshi, haina harufu wala ladha ya kukuamsha, na ikiingia kwa mtoto inakwenda kwenye damu, kwenye mifupa, na kwenye kichwa, mahali maneno yanapotengenezwa.

Tukaanza kuitafuta. Nikaambiwa nilete vitu vya nyumbani. Nilileta wanja wangu, mdoli wake, kikombe chake chenye maua, magamba ya rangi ya mlango. Bwana afya alikuwa na kifaa chenye umbo la bastola, anakielekeza kwenye kitu kinasoma kilichomo. Alikipitisha kwenye vyote. Rangi ya mlango ilikuwa nayo kidogo. Wanja pia, nikautupa hapohapo. Akasema, "Hii haitoshi kumfikisha hapa. Anapikiwa kwenye nini?"

Nikarudi nyumbani kuichukua. Niliifunga kwa kanga. Njiani nilikuwa naomba, usinicheke, namwomba Mungu iwe rangi, iwe maji, iwe hata kosa langu, isiwe hii. Akaielekezea ile bastola. Aligeuza kioo tu nikaona mwenyewe namba inavyopanda.

Ndimu ndiyo iliyokuwa inaikwangua. Uchachu, na kuulaza uji humo saa nyingi. Kila siku nilipodhani namtia nguvu.

Nami wamenipima, ninayo, nusu ya yake. Shemeji yako damu yake safi kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu anioe nimeshukuru kwamba anakula mahotelini.

Sikukwambia kwa sababu nilijua ungeacha kula. Ulitengeneza ile sufuria kwa mkono wako kwa sababu ulitukumbuka. Ningeandikaje? Nilikaa na kalamu mara nyingi, nikaishia kukuuliza kama unanawa. Lakini Cheche kaniandikia habari ya mkono wako, na sasa siwezi kunyamaza. Ndiyo, Cheche ameniandikia, na ole wako umseme. Huo mkono si uvivu wala uzee. Daktari nilimweleza akasema bila kufikiri: mwambie aondoke kwenye huo moshi leo, apimwe damu. Sisi tumeila kwa kijiko. Wewe umeivuta miaka.

Kasuku anapewa dawa, na maziwa, na mboga za majani. Wiki iliyopita alisema "maji." Mara moja. Nilimpa maji mpaka akakataa.

Sikulaumu. Narudia ili Cheche asome mara mbili: sikulaumu. Nenda hospitali.

Mdogo wako


9 Septemba

Kaka yangu,

Shikamoo. Sijapata jibu. Posta nimekuwa mwenyeji, yule karani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Kasuku anasema maneno machache. Anayatafuta kwanza. Unaona kabisa linatoka mbali.

Niandikie hata mstari mmoja. Kama huwezi kushika kalamu mwambie Cheche. Kama Cheche naye kanyamaza, basi sijui nifikirie nini, na nafikiria yote.

Mdogo wako


15 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba, na nisamehe. Mwandiko huu wa kuku ni wangu, mkono wa kushoto. Nimejifunza kama mtoto wa chekechea, Cheche akinichorea herufi kwa chaki kwenye bamba la geti.

Waraka wako ulisomwa mpaka mwisho. Cheche alinisubiri. Nikaenda nikamwaga maji kwenye moto. Nikakivunja chungu kwa nyundo, na kwa huu mkono wangu ilinichukua muda. Halafu nikaenda hospitali, Cheche akitembea nyuma yangu kama askari na mfungwa. Damu yangu daktari aliipima mara mbili, akidhani mashine imekosea. Nikalazwa. Nilitibiwa kwa dripu na vidonge, na kitandani kila shuka nililofunikwa nilidhani umelifua wewe. Nikalinusa. Usicheke.

Sikuandika kwa sababu nilitaka kwanza nimalize jambo moja. Niliwaza, Kasuku ni mmoja. Hizi sufuria nimeuza kwa watu wangapi? Ile oda ya shule, wanafunzi wale wote. Basi nilipotoka hospitali tukaazima mkokoteni, mimi na Cheche, tukaanza shuleni. Mwalimu mkuu alikunja uso, lakini bwana afya wa huku alikuwa pamoja nasi na kifaa kama ulichosema. Alipoelekeza, yule mwalimu mwenyewe akaanza kuzitoa jikoni, anazibeba mbili mbili.

Nyumba za watu ndiyo ilikuwa kazi. Unabisha, unasema, "Samahani, mimi ndiye niliyewauzia sufuria, naomba nizichukue, zina sumu." Wengine walidhani nataka kuziuza upya. Bwana mmoja alinifukuza na mwiko. Bibi mmoja aliniambia, "Mwanangu, sufuria hii imezika waume wawili, mimi nipo." Nikamwambia, "Bibi, labda ndiyo iliyowazika." Akanitazama, akacheka, kisha akaacha kucheka, akaimwaga mboga yake kwenye beseni akanipa. Kuna maharusi wapya, bado wameifunga utepe. Kuna dada mjamzito. Huyo nilimwomba kwa magoti.

Sikuzipata zote. Nyingine ziliuzwa sokoni kwa watu nisiowajua, na hizo ndizo ninazozisikia jioni kijiko kikigonga. Sipiti tena uchochoroni jioni.

Waliokosa cha kupikia tuliwanunulia za dukani. Mivukuto yangu na vyuma vyote nimeviuza kwa hilo, imebaki nyundo. Sasa namshikia Cheche mageti anapochomelea, naye ananijibia wateja nisiowasikia. Tunapendeza. Ndiyo, andika wifi. Umeshinda.

Lakini kuja huko, mdogo wangu, usiniombe. Nije na uso gani? Nimpe mtoto mkono huu? Nilimpa jina kwa sababu ya kusema kwake, halafu nikamnyima kusema. Nakuoneni kila siku kichwani, mlango wenu, yale mashuka, natamani kukuona mpaka kifua kinauma. Lakini nitakaa huku.

Kaka yako


2 Novemba

Kaka,

Shikamoo. Huo ni ujinga, nasema kwa heshima zote.

Unataka kujua mtoto alivyo? Nitakwambia kama daktari alivyoniambia, bila sukari. Risasi kwenye damu imeshuka sana. Tumbo limetulia, anakula. Anacheza. Maneno yanarudi, lakini si yote yatakayorudi, na si kwa haraka. Huenda shule ikawa ngumu kwake. Neno linakwama katikati, analisubiri, nasi tunalisubiri. Watu wengine wanammalizia. Hapendi kumaliziwa, ananuna.

Nilimwambia Mjomba anaogopa kuja. Akafikiri. Akauliza, "Anaogopa... mbwa?" Maana jirani kaleta mbwa. Nikasema ndiyo. Akasema, "Nitamshika."

Sasa wewe kaa huko na uso wako. Mimi nina mtoto amesimama mlangoni ameshika kamba ya mbwa wa watu tangu asubuhi.

Mama angekuwepo angekufuata mwenyewe na mwiko. Mimi sina nauli ya kukufuata na sina likizo. Nina hii barua tu. Nimekukosa, Kaka. Nimechoka kukupenda kwa maandishi. Shemeji yako anapita njia ya kwenu mwisho wa mwezi, atasimamisha lori uwanjani, na nimemwambia asiondoke bila wewe. Njoo na Cheche au njoo peke yako. Njoo.

Mdogo wako


29 Desemba

Mdogo wangu,

Marahaba kabla hujanisalimu. Tumerudi salama kutoka kwenu. Cheche kakuta geti lake limeibwa bawaba, amewasalimia wote hapa uwanjani kwa matusi, kwa hiyo nyumbani ni nyumbani. Anakusalimu na anasema lile gauni ulilomshonea bado halina tundu. Ni la ndani ya sanduku.

Tangu nirudi chumba kimekuwa kikubwa. Kula nakula. Daktari kanyanyua mkono wangu juzi akauachia, ukabaki juu kidogo kabla ya kushuka. Anasema mishipa inaamka, miezi, labda mwaka. Naufanyia mazoezi kwa kufungua na kufunga mlango. Majirani wanadhani ninamtarajia mtu, nami siwakatalii.

Nataka kukwambia kitu kimoja. Ile siku ya kwanza ya kuondoka, wewe ukiwa kazini, tuliporudi jioni na mabegi yetu nilikwambia basi lilijaa. Basi halikujaa. Tulikuwa na viti, tena vya dirishani. Cheche alikwisha panda. Shemeji kafunga mizigo juu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa basi, mguu mmoja ndani, namuaga Kasuku. Akanishika suruali. Akafungua mdomo.

"Mjomba," akasema.

Nikangoja. Kondakta akapiga ubavu wa basi, twende, twende. Mtoto akaufunga mdomo, akaufungua tena. Nikaona neno linavyotafutwa. Dereva akapiga honi, hiyo hata mimi niliisikia. Shemeji akataka kumsaidia, akasema, "Unataka kumwambia kwaheri?" Kasuku akatikisa kichwa kwa hasira. Nikautoa mguu ndani ya basi. Nikachuchumaa nikamwekea sikio langu lile lenye nafuu. Nikamwambia, "Sema taratibu. Siendi popote."

Cheche alimpigia kelele kondakta, akapigiwa yeye, akashuka akiwa na mfuko mmoja. Mizigo ikarushwa chini. Basi likaondoka na vumbi lake, na sisi tumechuchumaa palepale. Nilijua ni neno kubwa. Nilidhani ataniuliza kwa nini. Nilikuwa nimejiandaa kulijibu hilo tangu siku niliyofika, na hakuna aliyeniuliza.

Likaja.

"Mjomba. Kamba... ya kiatu chako... imefunguka. Utaanguka."

Nikaangalia. Kweli imefunguka. Kwa mkono mmoja siwezi kuifunga, huwa nafungiwa na Cheche. Kasuku akapiga magoti kwenye vumbi akaanza kuifunga yeye, fundo juu ya fundo, ulimi nje, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Ilichukua muda mrefu sana. Lingekuja basi jingine tusingeliona.

Kaka yako